"Imeingia" Si "Inabeba": Wacheni Kuvalisha Gari za Mzigo Viatu vya Harusi

Wasee wangu wa Kisumo, leo hakuna muziki na hakuna picha za jua likizama pale Dunga. Leo nimekuja kugombana. Na wa kwanza kugombezwa ni mimi mwenyewe.

Kama umekuwa hapa kwa muda unakumbuka ile video ya TownAce yetu nyeupe. Rimu za inchi 15, nyeusi zenye ukingo wa fedha, tairi za ubavu mfupi, gari imekaa chini kama paka anayewinda. Ndiyo video yangu iliyotazamwa sana kuliko zote. Watu waliandika "omera hiyo ni moto," watu wakaniuliza nimetoa wapi, na najua kuna wengine walienda wakafanya hivyo hivyo. Hiyo video nimeitoa jana usiku. Haya ndiyo maelezo.

Ile gari si yangu. Ni ya mama. Mama ananunua samaki Usenge na kuuza Kibuye, na gari aliinunua kwa pesa za chama alizoweka miaka sita. Mimi nilipoacha chuo mwaka wa pili (hiyo ni hadithi ya siku nyingine, na wanaonitumia ujumbe wa kunihubiria waendelee tu), tulikubaliana niwe dereva wake. Alfajiri naendesha, mchana nashughulika na video. Siku moja jamaa mmoja anayeuza rimu akanitafuta: nikimfanyia video, ananipunguzia bei. Nikamlipa 48,000, tairi zikiwa juu tayari. Zile tairi za zamani tukamwachia humo humo.

Mama alizizunguka, akainama, akabonyeza ubavu kwa kidole. Akasema, "Nyathina, hizi si ni nyembamba?" Nikamwambia, "Mama, fundi amesema zimeingia vizuri kabisa."

Zimeingia. Hilo neno ndilo nimekuja kupigana nalo leo.

Wiki ya tano, tukitoka Usenge na mbuta, ngege na magunia ya omena, kabla ya kufika Holo, tairi ya nyuma kushoto ikapasuka. Sikuwa na haraka. Nilikuwa na kama 70 hivi. Gari ilivuta kushoto, ikaruka kando ya lami, ikalalia mtaro. Hatukupinduka. Mama aliweka mkono mbele kujizuia na mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Mpaka leo hawezi kuinua kreti. Ana miaka 51 na kazi yake ni kuinua kreti.

Nilipokaa hospitalini usiku ule ndipo nilipoanza kusoma kitu ambacho kilikuwa kimeandikwa kwenye ubavu wa tairi siku zote hizo. Hapa ndipo nataka usikie vizuri.

Tairi zetu za zamani zilikuwa 165R14C, na pembeni pameandikwa 97/95. Hiyo C inamaanisha ni tairi ya gari la biashara, ya kubeba. 97 si mwaka wala si bei. Ni namba ya uzito. Duniani kote tairi yenye 97 inabeba kilo 730, ikiwa imejazwa upepo wake kamili. Ile ya pili, 95, ni ya gari zenye tairi mbili mbili nyuma, sisi haituhusu.

Tairi zangu za kupendeza zilikuwa 195/50R15, namba 82. Namba 82 ni kilo 475.

Piga hesabu na mimi. Tairi nne za zamani: kilo 2,920. Tairi nne za video: kilo 1,900. Nilitoa zaidi ya tani moja ya nguvu chini ya mama yangu ili gari ionekane vizuri kwa simu. TownAce tupu inapita kilo 1,200. Siku ile tulikuwa na kama kilo 700 za samaki na barafu. Ongeza mimi na mama. Tayari tumevuka 2,000. Hiyo ni kama uzito ungegawanyika sawa kwa magurudumu yote, na kila mtu aliyewahi kupakia gari anajua mzigo unakalia nyuma.

Kwa hiyo ile tairi haikupasuka kwa bahati mbaya. Ilikuwa inalemewa kila asubuhi kwa wiki tano. Siku ile ndiyo ilichoka.

Bado sijamaliza. Upepo. Tairi ya gari ndogo ya kawaida inafikia nguvu yake kamili kwa karibu 36 psi. Ile ya C yenye 97 inajazwa mpaka karibu 65 ikiwa na mzigo kamili. Sasa nenda kwa kijana wa upepo pale petroli, atakuuliza ngapi, utasema "weka 35," kwa sababu kila mtu husema 35. Gari ya mzigo ikitembea na upepo kidogo, ubavu wa tairi unakunjwa na kukunjuka kila mzunguko, na mpira unaokunjwa hivyo unachemka kutoka ndani. Weka hilo juu ya lami ya Ahero saa nane mchana. Tairi inapikwa na wewe unasikiliza redio.

Na umri. Kwenye ubavu, baada ya herufi DOT, kuna namba nne za mwisho. Ikiwa 1417, tairi ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2017. Mpira unazeeka hata ukikaa tu, na jua linauzeesha zaidi. Watengenezaji kama Michelin wanasema tairi ikifika miaka 10 itolewe, hata kama meno bado yako. Zangu zilikuwa na meno mazuri sana. Zilikuwa na miaka 10 pia. Muuzaji aliziita "eksi Japani kama mpya." Mimi nilirudia maneno hayo hayo mbele ya kamera, na sikuwa nimeinama kusoma.

Sasa najua mtakachosema, kwa sababu nimeshaanza kuambiwa.

Kwanza: "Wewe unachukia sanaa ya matatu." Hapana. Mimi ni mtoto wa stage. Najua abiria wa Kondele anaweza kuacha gari tatu akisubiri ile yenye rangi na muziki. Sheria za Michuki zilipoingia mwaka 2004, matatu zote zikapigwa mstari wa manjano na mchoro ukafifia, na watu walilia mpaka michoro ikarudi. Sisemi mrudi huko. Piga rangi. Weka taa. Chora Messi, chora Raila, chora nyanya yako. Lakini rangi haibebi mtu. Kwenye gari nzima, sehemu inayogusa barabara ni vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mkono. Hapo tu ndipo naomba mapambo yakome.

Pili: "Wacha woga, Probox zinabeba watu kumi na magunia juu na hakuna kitu." Buda, kuna kitu. Kiwandani, Probox ya mzigo ilipewa kilo 400, na tairi za mzigo vilevile. Zile zinazobeba watu kumi zinakopa nguvu kutoka kesho, na siku ya kulipa hatujui nani atakuwa amekaa ndani. Wikendi zetu sisi watu wa ziwa ni mazishi. Tunajaza gari, tunaenda, tunarudi usiku tumechoka. Agosti 2025 pale Coptic tulipoteza waombolezaji waliokuwa wanarudi kutoka kuzika. Sisemi ile ajali ilikuwa ya tairi. Nasema sisi tunajua vizuri sana barabara inaweza kufanya nini kwa familia moja jioni moja, halafu Jumatatu tunarudi kuulizana rimu gani inang'aa.

Tatu, na hii ndiyo inaniuma: "Lakini inspekshen ilipita." Matatu zinakaguliwa mara moja kwa mwaka. Kila mtu wa stage ameshasikia habari ya tairi za kuazima: unavaa za rafiki asubuhi ya ukaguzi, jioni unarudisha. Mkaguzi ameona tairi nzuri, hakudanganywa na macho yake. Amedanganywa na mwenye gari. Ukifanya hivyo hujamshinda NTSA. Umemshinda abiria wako wa shilingi hamsini.

Hata wale wanaopenda kwenda upande wa pili, wa kuinua gari kwa tairi kubwa, wasicheke. Ukiweka tairi kubwa kuliko ya kiwandani, gurudumu linaenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na spidomita haijui. Inakuambia 80 na wewe umeshapita. Kama gavana yako inahesabu mizunguko, nayo imedanganyika. Yangu ilikuwa kinyume, tairi zilipungua karibu sentimita 5 kwa kimo, kwa hiyo nilidhani natembea 80 kumbe ni kama 74. Nililipa 48,000 ili gari iwe fupi, dhaifu, na idanganye.

Basi tufanye nini? Sisemi msibadilishe rimu. Nasema ukibadilisha, uliza maswali kwa mpangilio huu, na usitoe pesa kabla ya majibu.

Soma namba ya uzito kwenye tairi ya kiwandani, au kile kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tairi mpya iwe na namba hiyo au zaidi. Chini yake, hapana, hata ikiwa ni ya bure. HiAce za mzigo nyingi hutoka na 195/80R15 yenye 107, yaani kilo 975 kila moja. Ukiona mtu anakuwekea ya 94 kwa sababu ni inchi 17 na inapendeza, hiyo ni kilo 670. Toa 300 mara nne, halafu mwambie kwaheri.

Soma rimu nayo. Rimu za Japani zina alama kwa ndani au kwenye mkono. JWL ni ya gari la abiria. JWL-T ni ya lori na basi. Kama unabeba, tafuta hiyo T. Halafu matundu ya nati: Probox ni nne kwa milimita 100, Noah ni tano kwa 114.3, HiAce ni sita kwa 139.7. Fundi akianza kupanua tundu au kukuletea spesa ili "iingie," chukua ufunguo wako uende.

Soma zile namba nne za tarehe. Na ukimaliza yote, nunua gage yako mwenyewe ya upepo, pima asubuhi tairi zikiwa baridi, gari ikiwa haijatembea.

Kama hela haitoshi yote, nunua tairi na uache rimu. Rimu ya chuma nyeusi, mbaya kabisa, yenye tairi sahihi, itakupeleka Mbita na kukurudisha. Ndizo ziko kwenye gari yetu sasa. Mtu mmoja juzi ameniambia gari imekuwa kama ya mazishi. Nikamwambia afadhali ifanane nayo.

Mwisho ni kwa wenzangu tunaotengeneza video. Sisi si mafundi, lakini watu wanatuamini kuliko fundi kwa sababu tunachekesha na tunaongea lugha yao. Yule jamaa wa rimu hakuniuliza nabeba nini. Kosa ni lake. Lakini mimi nilijua nabeba nini, na nikawaambia watu elfu nyingi kwamba ni sawa. Kati yenu kuna mmoja amenitumia picha wiki hii: HiAce, njia ya Busia, rimu kama zangu, na anauliza mbona tairi ya nyuma inavimba kidogo ubavuni. Nimempigia simu mara nne. Hajashika.

Ndugu yangu, ukisoma hii, egesha gari. Usimalize hiyo trip. Nitakuja mwenyewe na jeki.