Saa ya kuanza gofu haiwekwi ghalani

Mjini St Andrews, Scotland, upo uwanja wa gofu unaotamaniwa na matajiri wa kila pembe ya dunia, lakini si mali ya tajiri yeyote. Uwanja huo, Old Course, uko kwenye ardhi ya umma. Unasimamiwa na taasisi ya udhamini iliyoundwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1974, na mtu yeyote mwenye uthibitisho wa kiwango chake cha mchezo anaweza kuomba nafasi. Jumapili gofu husimama, isipokuwa kwa mashindano machache, na wenyeji huingia na watoto na mbwa wao kutembea pale pale ambapo Jumamosi mgeni alilipa mamia ya pauni kukanyaga.

Kwa mkulima wa nyanya wa Ilula au mwenye kizimba sokoni, hii inaweza kuonekana habari ya watu wenye nafasi zao. Hata hivyo, bidhaa inayouzwa pale ina tabia anayoijua vizuri. Wachezaji huanza kwa makundi ya watu wasiozidi wanne, yakipishana kwa dakika 10 hivi. Kwa hesabu hiyo, saa nzima haibebi zaidi ya watu 24, hata kama langoni wamesimama 1,000. Na nafasi ya saa 3:00 asubuhi isipopata mchezaji, dakika chache baadaye imeshaoza. Haiwekwi ghalani, haianikwi, haisubiri bei ipande. Nyanya ina nafuu, maana kesho yake inaweza kuuzwa walau kwa hasara.

Bidhaa ya namna hiyo ikiwa ni ya umma, na bei yake ikiwa chini ya kile ambacho wateja wako tayari kulipa, lazima mtu aamue nani apate na nani akose. Mwenye mali asipoamua, ataamua dalali.

St Andrews wameamua kwa kutumia milango zaidi ya mmoja. Wenyeji wana tiketi ya mwaka, ambayo gharama yake kwa raundi moja haikaribiani hata kidogo na anayolipa mgeni. Mgeni naye, mwaka 2025, alilipa pauni 340 kwa raundi moja ya mashimo 18 katika msimu wa juu. Wapo wanaoagiza mapema, wengine kupitia mawakala walioidhinishwa ambao huuza nafasi pamoja na malazi. Huo ndio mlango wa wenye fedha. Mlango wa tatu ni droo. Wachezaji wawili au zaidi hupeleka majina siku mbili kabla ya kucheza, na alasiri hiyo hiyo matokeo hutangazwa. Aliyekosa hujaribu tena kwa siku inayofuata. Katika droo hiyo, daktari kutoka Chicago na fundi bomba kutoka Glasgow hulipa ada ile ile na hubahatika kwa kiwango kile kile.

Kwa mchezaji anayekwenda peke yake, utaratibu wa zamani ulikuwa foleni. Watu walifika usiku wa manane na kusubiri kwenye baridi ili kupata nafasi iliyobaki katika kundi lisilotimia wanne. Mwaka 2024 foleni hiyo iliondolewa, ikaletwa droo ya kila siku ambayo mtu hujiandikisha siku moja kabla, akiwa pale pale mjini. Wako walioisikitikia foleni, wakisema ilikuwa sehemu ya utamu wa safari. Lakini foleni nayo ni bei, ila hailipwi kwa fedha. Hulipwa kwa usingizi na kwa siku ya kazi, na mwenye kibarua asubuhi hawezi kushindana na aliye likizo. Mkulima aliyewahi kulala nje ya ghala la pembejeo hahitaji kuelezwa hilo.

Mji huo haukufika hapo kwa bahati. Hati ya mwaka 1552 ya Askofu Mkuu John Hamilton ilitambua haki ya wananchi kucheza katika ardhi hiyo ya pwani, huku yeye akibaki na ruhusa ya kufuga sungura humo humo. Mwaka 1797 halmashauri ya mji, ikiwa imeelemewa na madeni, ilipoteza udhibiti wa ardhi hiyo, na wafugaji wa sungura wa kibiashara wakaingia. Sungura wakachimba mashimo mengi kuliko yale yanayohitajiwa na mchezo. Mgogoro wa wafugaji na wachezaji, kesi juu ya kesi, uliendelea hadi mwaka 1821, pale mwenye shamba jirani, James Cheape, alipoinunua ardhi na kuiokoa kwa ajili ya gofu. Umma uliirudisha mikononi mwake mwaka 1894 tu, nayo ikahitaji sheria ya Bunge. Karibu karne nzima ilipita kwa sababu ya deni la halmashauri moja, na wanaouza maeneo ya wazi ya vijiji ili kuziba pengo la bajeti wangefaa kuisoma historia hiyo polepole.

Kwa upande wa pili, jiji la Los Angeles, Marekani, limeonja matunda ya kutoamua. Jiji hilo lina viwanja vyake vya umma ambavyo ada yake imewekwa ili mwananchi wa kawaida aimudu. Nafasi zilifunguliwa kwenye mtandao siku tisa kabla, alfajiri, na aliyewahi ndiye aliyepata. Kwenye karatasi huo ni usawa mtupu. Mwaka 2024 wachezaji walianika hadharani kilichokuwa kikiendelea: nafasi nzuri za mwisho wa wiki zilitoweka katika muda mfupi baada ya kufunguliwa, kisha zikaonekana zikiuzwa na madalali kupitia simu kwa nyongeza ya makumi ya dola. Jiji halikupata hata senti ya nyongeza hiyo. Dalali hakukata nyasi wala kumwagilia uwanja, naye alikuwa na uhuru wa kufuta nafasi ambayo hakupata mteja wake, ikarudi kwa umma ikiwa imekaribia kuoza.

Uhuru huo wa kufuta bure ndio uliokuwa mtaji wake. Ndiyo maana mwaka huo huo jiji lilianza kudai amana ya dola 10 kwa kila mchezaji, isiyorudishwa lakini inayohesabiwa kwenye ada kwa anayecheza. Kwa mchezaji wa kweli amana hiyo si gharama. Kwa anayeshika nafasi 40 akitegemea kuuza 25, ni dola 150 alizozitupa kwa nafasi 15 zilizobaki. Ni dawa ya busara, ingawa haitoshi peke yake, kwa kuwa dalali mwenye wateja wa uhakika ataiongeza tu kwenye bei yake. Inahitaji kuandamana na ukaguzi wa jina langoni, ili aliyeagiza awe ndiye anayecheza.

Uwanja wa Black ulioko Bethpage, mali ya jimbo la New York, unaongeza funzo jingine. Ni uwanja wa umma uliopokea mashindano ya US Open mwaka 2002 na 2009, na Ryder Cup mwaka 2025. Mkazi wa jimbo huruhusiwa kuagiza mapema kuliko mgeni, na mgeni hulipa zaidi ya mkazi. Hakuna anayeona haya kwa hilo, kwani kodi ya mkazi ndiyo iliyoutunza uwanja miaka yote.

Tanzania iliporudisha ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/23, mkulima alitakiwa kusajiliwa kwanza na kupewa namba yake. Mantiki ni ile ile ya jina langoni. Kwenye vizimba vya masoko mantiki hiyo bado ni dhaifu: aliyeandikwa kwenye daftari la halmashauri mara nyingi siye anayepanga vitunguu asubuhi, na kodi anayolipa mpangaji wa mpangaji inaweza kuwa mara kadhaa ya ile inayoingia kwenye hesabu za umma. Halmashauri inayokaribia kugawa vizimba vipya inaweza kuazima mambo matatu bila mtaalamu wa kulipwa: droo inayochezeshwa mbele ya waombaji, amana inayokatwa kwenye kodi ya mwezi wa kwanza, na afisa wa soko anayepita na orodha ya majina, si siku ya uzinduzi tu, bali Jumanne ya kawaida mwezi wa nne.