Umilisi Bila Msimamizi ni Jina Tupu

Neno umilisi limetawala mazungumzo ya walimu tangu mtaala mpya uanze kutekelezwa nchini mwaka 2019. Sisi wanaisimu tulilizoea kitambo. Mwaka 1965 Noam Chomsky alitenga ujuzi wa lugha uliomo akilini, ndio umilisi, na matumizi yake, ndio utendaji. Mtu aweza kuijua lugha barabara, lakini ulimi ukateleza kwa uchovu. Hapo tutacheka tu. Je, kisu cha daktari kikiteleza?

Swali hilo hunijia nipitapo karibu na Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ambayo wenyeji wameizoea kwa jina la Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Upasuaji hufunzwa kwa kutenda. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha kanda yetu, COSECSA, kilichoasisiwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, hakina kuta: wanagenzi wake hufunzwa hospitalini, nao huandika daftarini kila upasuaji walioshiriki.

Daftari ni jema, ila hesabu pekee haitoshi. Aliyepasua ngiri hamsini kwa njia mbovu ameuzoea ubovu tu. Kijana wa Dunga hakabidhiwi mashua kwa kuwa amehesabu safari zake. Mkubwa wake humwachia usukani kidogo kidogo, hali naye yumo chomboni, mpaka amwone akiyakabili mawimbi pasi na kuelekezwa. Vivyo hivyo mwanagenzi: kwanza atazame, kisha asaidie, kisha apasue bingwa akiwa kando yake, ndipo aachwe peke yake.

Wapo watakaosema mabingwa ni wachache na wagonjwa ni wengi. Ni kweli. Kwa sababu hiyo hasa, usimamizi sharti uwe kazi rasmi, yenye saa zake katika ratiba na malipo yake, wala usiwe hisani. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulihusu sana malipo ya wanagenzi. Malipo hayo ni haki yao. Kusimamiwa pia ni haki yao, na ni haki ya mgonjwa.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika chumba cha upasuaji, ulimwengu huo ni mwili wa mgonjwa. Nawe mwalimu unayejaza fomu za umilisi, jiulize kabla ya kutia sahihi: je, nilimwona akitenda?