Muuguzi Akiondoka Kaloleni

Kifungu cha 2A kilipofutwa mwezi Desemba 1991, hatukuwa tumedai kura peke yake. Tulidai serikali inayomjali mwananchi. Mama wa Kaloleni aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane haulizi ni chama gani kinachotawala. Auliza kama zahanati ina mkunga.

Daktari na muuguzi husomeshwa kwa jasho la walipa kodi, kisha twawaacha watuponyoke. Mwaka 1994 madaktari waligoma zaidi ya miezi mitatu wakidai chama chao kisajiliwe. Wakakataliwa. Mwaka 2013 serikali ilitia sahihi mkataba nao, ikauacha kabatini, hata mgomo ukazuka Desemba 2016, ukadumu siku 100, na viongozi wao wakatiwa gerezani. Wauguzi nao wakagoma miezi mitano mwaka 2017. Mwaka 2024 madaktari walirudi barabarani kwa siku 56, kwa kuwa, pamoja na mengine, wanagenzi waliokubaliwa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi walitengewa 70,000.

Kati ya hayo, Julai 2021, serikali ilitia sahihi mapatano ya kupeleka wauguzi Uingereza. Tuliambiwa watakwenda wale wasio na kazi. Jibu hilo ndilo aibu yenyewe: wodi hazina wauguzi, na wauguzi hawana ajira!

Wazee wetu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wetu huyu hajasifiwa, na ujira wake haujafika.

Hatusemi mshahara ndio kila kitu. Mtu huvumilia kijiji cha mbali akiwa na nyumba ya kulala, dawa za kumpa mgonjwa, na hakika kwamba atapandishwa cheo kwa kazi yake wala si kwa ukoo wake. Bali mkataba wa miezi michache usio na pensheni humfundisha kijana kufungasha mizigo mapema. Nasi waumini tusijitoe lawamani: hospitali za makanisa pia hufiwa na wafanyakazi wao kila mahali penye malipo bora, na mara nyingi twawaambia tu kwamba kazi yao ni wito. Wito haulipi karo.

Tangu 2013 afya i mikononi mwa kaunti. Hazina Kuu ikichelewesha fedha, kaunti hulaumu Nairobi, nayo Nairobi hulaumu kaunti, na muuguzi hukopa dukani.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yampa kila raia haki ya kujibiwa ndani ya siku 21. Basi na tuiandikie Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Kilifi: ni nafasi ngapi za wauguzi zilizo wazi Kaloleni, ni wangapi walio kwa mkataba wa muda, na ni wangapi walioacha kazi tangu mwaka jana? Kila kamati ya kanisa iandike barua yake, itie muhuri, ibaki na nakala, na ihesabu siku.