LADHA KWA MLAJI, KIFUA KWA MFANYAKAZI

Ndugu wafanyakazi,

Mara nyingi tukikaa kula chakula cha mchana, swali huzuka: je, unga na vidonge hivi vya kukoleza mchuzi vinatudhuru? Swali ni la haki. Ila sisi tunaona linaulizwa nusu. Tunamwuliza anayekula, tunamsahau mwenzetu anayevitengeneza.

Tuanze na mlaji. Unga mweupe wa glutamati ulitokana na kazi ya Profesa Kikunae Ikeda wa Japani, aliyeitoa ladha hiyo katika mwani mwaka 1908. Mwaka 1968 daktari mmoja wa Marekani aliandika kuwa hupatwa na ganzi na moyo kumwenda mbio akila katika mikahawa ya Kichina, na hofu ikaenea duniani. Mwaka 1987 kamati ya wataalamu wa FAO na WHO haikuona haja ya kuweka kikomo. Mwaka 2017 wataalamu wa Ulaya waliweka: miligramu 30 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Basi anayetia kidogo mchuzini asikose usingizi. Cha kuangalia zaidi ni chumvi nyingi iliyomo katika vidonge, maana chumvi hupandisha shinikizo la damu.

Sasa twende kiwandani. Katika jimbo la Missouri, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha bisi zenye ladha ya siagi. Mei 2000, daktari aliiarifu idara ya afya kwamba watu 8 waliowahi kufanya kazi humo walikuwa na ugonjwa mkali wa mapafu. Wanne kati yao walikuwa wakingoja kubadilishiwa mapafu. Wachunguzi wa serikali wakaenda, wakawapima wafanyakazi 117, wakakuta kuziba kwa njia za hewa ni zaidi ya mara tatu ya ilivyotarajiwa. Walioumia zaidi ni wachanganyaji, waliomimina ladha katika mapipa ya mafuta ya moto na kuvuta mvuke wake. Kemikali iliyoshukiwa ni diasetili. Njia ndogo za hewa hupata makovu na kuziba, na makovu hayo hayaponi.

Ndugu, hapa ndipo penye fundisho. Diasetili ilikuwa imeruhusiwa kutiwa katika chakula, na hata siagi yenyewe inayo. Sheria ilimlinda mlaji. Haikuuliza habari za mtu anayeivuta kwa zamu nzima, mwaka baada ya mwaka. Kitu kinachofaa kuliwa si lazima kifae kuvutwa. Unga wa ngano ni chakula, lakini vumbi lake huwapa waoka mikate pumu.

Wenzetu wa Marekani hawakukaa kimya. Mwaka 2004 mahakama huko Missouri ilimpa mfanyakazi mmoja na mkewe fidia ya dola milioni 20. Mwaka 2006 vyama vya wafanyakazi viliidai serikali itoe kanuni ya dharura, na mwaka 2010 jimbo la California likaweka yake. Lakini hakuna fidia inayorudisha pumzi.

Na kwetu? Wengi wetu tunachanganya ladha, viungo, rangi na unga kwa mikono, pua imefungwa kitambaa. Mahali pengine mwajiri hutoa maziwa, akasema hiyo ndiyo kinga. Maziwa huenda tumboni, vumbi huenda mapafuni. Tusikubali kudanganywa kwa maziwa.

Madai yetu ni haya. Kila pipa na gunia liandikwe kilichomo kwa lugha tunayoisoma. Mapipa ya moto yawe na vifuniko na mitambo ya kunyonya mvuke. Wanaochanganya wapimwe pumzi kwa gharama ya mwajiri, tena waonyeshwe majibu. Haki ya kujua kemikali tunazoshika imeandikwa katika Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990, hatuombi hisani.

Katika mkutano ujao wa tawi, kila mmoja alete jina la kitu anachokimimina kazini. Asiyelijua alete swali. Hapo ndipo pa kuanzia.

Umoja ni nguvu.