MOYO WA ASKARI NA MOYO WAKO



Naona wengine wenu mnasambaza ule ujumbe kwamba binadamu huzaliwa mwema, ni maisha tu yanayomharibu. Na chini mnaandika "Amina". Amina ya nini? Kaini aliharibiwa na maisha gani? Hakukuwa na siasa, wala marafiki wabaya, wala mtaa mbaya. Alikuwa na ndugu mmoja tu, na huyo huyo ndiye aliyemuua shambani. Soma Mwanzo 4 pole pole.

Sisi wa Kianjokoma tunalijua hili. Tarehe 1 Agosti 2021 ndugu wawili, wanafunzi wa vyuo, walikamatwa na polisi hapa sokoni kwa sababu ya kafyu. Saa nne za usiku zilikuwa zimepita, basi. Siku mbili baadaye familia ikawapata mochari, Embu. Polisi walisema waliruka kutoka kwa gari likienda. Watu wakaingia barabarani kwa hasira, na katika maandamano hayo mtu mwingine akapigwa risasi akafa. Maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji, wakakana. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, si yangu.

Lakini msiba ule ulileta maneno mawili ambayo bado yananichoma.

La kwanza: "Wale si watu, ni wanyama." Hapana, mpendwa. Askari ana mama, na pengine aliimba kwaya kama wewe. Kijana akishikwa na kuku wa mtu hapa kwetu, nani huleta tairi? Si OCS. Ni sisi, na wengine tumetoka tu ibada ya pili! Hatujapewa bunduki wala amri ya kafyu, ndiyo maana tunaonekana wema. Yeremia 17:9 haizungumzii moyo wa polisi peke yake.

La pili ni baya zaidi, kwa sababu linatoka madhabahuni: "Sote ni wenye dhambi, sameheni, yaishe." Nasema wazi, huko ni kutumia Neno kufunika damu. Kaini alirithi dhambi, sawa, lakini Mungu hakumwachilia kwa hiyo. Alimuuliza alipo ndugu yake. Mzazi aliyezika wana wawili siku moja haambiwi na mchungaji anyamaze ili sisi tulale vizuri.

Kama kweli unaamini moyo wa mwanadamu umeharibika, utataka mwenye bunduki achungwe. Utataka IPOA ifanye kazi yake, OB iandikwe, ijulikane gari la polisi lilipita wapi na nani alikuwa ndani, na kesi isikizwe mpaka mwisho. Anayedhani binadamu ni mwema ndiye anayemtuma mtu usiku na silaha halafu anasema "tumwamini tu". Damu ya Yesu huosha mwenye dhambi, naam, lakini haifuti faili kortini. Zakayo aliokoka, na bado alirudisha mara nne. Hakuna aliyemwambia, "umesamehewa, kaa na pesa."

Jumatano kwenye maombi tutawaombea askari wa kituo chetu. Tutawaombea pia wote wanaotakiwa kusimama kortini kutoa ushahidi dhidi ya mwenye nguvu, wasitishwe, wasinunuliwe. Tunaanza saa kumi na moja jioni. Njooni mapema, mvua ya huku mnaijua.