Takwimu za Chemba: tuonyesheni hesabu, si jibu tu

Wadau, leo niacheni niseme jambo linalonikera kila nikiandika habari ya utafiti.

Mwaka 2016 ugonjwa usiojulikana ulizuka Chemba na wilaya nyingine za Dodoma na Manyara. Watu wakatapika, matumbo yakavimba, macho yakawa ya njano. Mwanzoni minong'ono ikawa juu ya nyama ya ng'ombe. Baadaye vipimo vikaonyesha ni sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye mahindi. Watafiti wakahesabu wagonjwa 68, vifo 20.

Gawa mwenyewe: asilimia 29 na ushee. Hiyo rahisi. Lakini hao 68 wamepatikanaje? Aliyefia nyumbani bila kufika zahanati yumo? Ukigusa kigezo kidogo tu, asilimia inapanda au inashuka, na hoja ya kijiji gani kisaidiwe kwanza inabadilika nayo. Ripoti hutueleza kigezo kwa maneno. Zile amri zilizogeuza madaftari kuwa jedwali hubaki kwenye kompyuta ya mtafiti, na akihama kazi anaondoka nazo.

Dawa ya hili ni ya zamani, jamani. Mwaka 1984 Donald Knuth wa Stanford aliandika kwamba programu iandikwe kama insha: umweleze binadamu unafanya nini na kwa nini, na amri za kompyuta zikae humohumo katikati ya maelezo. Mwaka 2002 Friedrich Leisch akaleta Sweave, maelezo na amri za R ndani ya faili moja. Ukiiendesha, majedwali na michoro vinatengenezwa upya kutoka kwenye data. Badili kigezo, jedwali linabadilika mbele ya macho yako. Na R ni ya bure! Mwanafunzi wa UDOM mwenye laptop ya kuazima anaiweza.

Sisi tunapewa PDF. Niliwahi kuomba mahesabu ya jedwali moja kwenye ofisi fulani (siitaji), nikaulizwa nimetumwa na nani.

Utetezi wa kwanza huwa ni siri za wagonjwa. Sawa, futeni majina, hata kijiji kificheni, maana huku watu wanajuana. Lakini amri ya kujumlisha na kugawa ina siri ya nani? Wengine watasema daftari likijazwa vibaya, kompyuta itarudia kosa lilelile. Kweli kabisa. Ila angalau tutaliona lilipoingilia.

Halafu kuna woga. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalifanya kupinga takwimu rasmi hadharani kuwa kosa. Mwaka 2019 Bunge likalegeza. Sasa kisingizio ni kipi? Anayekuja kupima mahindi ya Chemba kwa fedha za umma akabidhi halmashauri faili lenye maelezo na amri zake pamoja, siku ileile anayokabidhi ripoti yenye jalada la kung'aa.