Diski Moja, Kompyuta Arobaini: Shule Hununua Nini Inunuapo Programu?

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika shule moja ya sekondari kutazama chumba chake kipya cha kompyuta. Mashine zilikuwa arobaini, zimepangwa safu kwa safu, na kila moja imefunikwa kitambaa kuikinga na vumbi. Mwalimu wa somo alinifungulia kabati, akanionyesha kwa fahari diski moja yenye programu ya kuchora michoro ya ufundi. Shule ilikuwa imeinunua kwa fedha zake, na risiti ilikuwapo. Akaniambia kwamba ameisakinisha, yaani ameiweka na kuitayarisha kwa kazi, katika mashine zote arobaini. Nilimwuliza kama aliisoma leseni. Akacheka kwa upole, akasema, "Dokta, nani husoma maandishi yale?"

Mwalimu yule hakuwa mwizi. Alifikiri kama afikirivyo kila mtu anunuaye jembe au kiti: ukishalipa, mali ni yako, itumie upendavyo. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba programu ni kitu cha aina hiyo. Ni maoni yangu kwamba kosa hili halina budi kusahihishwa shuleni, tena mbele ya wanafunzi, kwa kuwa wao ndio watakaokuwa wanunuzi wa programu kesho, na baadhi yao watakuwa waandishi wake.

Na tuanze na mwanzo. Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Maagizo hayo huandikwa na watu, na kuyaandika huweza kuchukua miezi au miaka. Kuyanakili, hata hivyo, huchukua dakika chache. Jembe la pili hutaka chuma na mpini kama lile la kwanza. Nakala ya pili ya programu haigharimu karibu chochote. Kwa sababu hiyo, aliyeandika programu aghalabu hauzi kitu. Huuza ruhusa ya kutumia kazi yake kwa masharti fulani, na ruhusa hiyo ndiyo iitwayo leseni. Diski iliyomo kabatini ni chombo tu cha kubebea.

Mambo hayakuwa hivi tangu awali. Katika miaka ya 1960 ilikuwa desturi programu kutolewa pamoja na mashine, bila bei ya peke yake. Mwezi Juni 1969 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba itaanza kutoza baadhi ya programu zake mbali na bei ya mashine. Mwezi Februari 1976 Bill Gates, wakati huo kijana wa miaka ishirini, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta ndogo, akilalamika kwamba wengi wao walikuwa wakiitumia programu ya kampuni yake bila kuilipia. Mwaka 1980 Marekani iliirekebisha sheria yake ya hakimiliki ili izitaje programu za kompyuta waziwazi. Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine. Basi kuinakili programu pasipo ruhusa ni jambo la sheria, wala si la adabu peke yake.

Swali linalofuata ni hili: leseni huhesabu nini? Hapa ndipo wengi hupotea, maana leseni hazifanani. Ziko zinazohesabu mashine: leseni moja kwa kompyuta moja. Katika kundi hili imo leseni ijayo na kompyuta kutoka kiwandani, ambayo mara nyingi imefungwa na mashine ile ile. Mashine ikifa, leseni nayo hufa, wala haihamishiki. Ziko zinazohesabu watu, ambapo mtu mmoja huruhusiwa kutumia programu katika mashine mbili au tatu, mradi ni yeye tu aitumiaye. Tena ziko zinazohesabu matumizi ya wakati mmoja. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo, idara yetu ilikuwa na programu ya takwimu ya namna hii. Ilikuwa imesakinishwa katika kila mashine, lakini kompyuta moja ya kati iligawa idadi maalumu ya ruhusa. Zikiisha zote, uliyechelewa uliambiwa usubiri, nasi tulizoea kwenda kunywa chai mpaka mwenzetu mmoja amalize kazi yake.

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Borland iliieleza leseni yake kwa mfano mwepesi: itumie programu kama kitabu. Kitabu huweza kusomwa na watu wengi, na kuhamishwa kutoka chumba hadi chumba, lakini hakiwezi kusomwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Mfano huo unafaa sana kufundishia, ingawa si kila kampuni hukubali kuufuata.

Mwalimu wa hisabati anaweza kulifanya jambo hili zoezi la darasani. Shule ina kompyuta 40 na wanafunzi 120 wa somo, wanaoingia kwa zamu tatu. Katika kila zamu, wasiozidi 15 huhitaji programu ya kuchora kwa wakati mmoja, na mashine yoyote kati ya 40 huweza kutumika. Leseni ikihesabu mashine, shule yahitaji 40. Ikihesabu watu, yahitaji 120. Ikihesabu matumizi ya wakati mmoja, 15 zatosha. Programu ni ile ile na wanafunzi ni wale wale, lakini jibu ni matatu. Shule isiyosoma leseni yaweza kuvunja sheria bila kujua. Yaweza pia kulipia ruhusa 120 ilhali ilihitaji 15.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba shule zetu ni maskini, na kwamba bei za programu hupangwa kwa kufuata mishahara ya nchi tajiri. Hayo ni kweli, nami siyapuuzi. Lakini naomba msomaji asikilize kisa kimoja kabla hajahitimisha.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliandika programu ya kupanga ratiba za vipindi shuleni. Aliifanyia kazi usiku, kwa muda wa miaka miwili. Shule ya kwanza ilimlipa, akafurahi. Baada ya muhula mmoja aliikuta programu yake katika shule nyingine saba, na hakuna hata moja iliyomlipa. Baya zaidi, shule hizo zilimpigia simu kumlaumu kila programu ilipokwama. Leo ameajiriwa kuuza vifaa vya ofisi, na programu ile haina wa kuirekebisha. Tunaponakili bila ruhusa hufikiri tunamnyima tajiri wa mbali ambaye hatahisi upungufu. Tajiri yule ana mawakili na ana wateja wa nchi nyingine. Kijana wetu hana. Mazoea ya kutolipia hayachagui. Humwangusha kwanza aliye karibu na aliye dhaifu.

Zaidi ya hayo, wizi wa programu una gharama zake. Programu nyingi za leo huungana na mwenye nazo kwa intaneti na kuthibitisha mashine iliyosakinishwa. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa na utaratibu kama huo. Ili kuukwepa, watu hutafuta vijiprogramu vya kuvunjia kufuli, vilivyotengenezwa na wasiojulikana, ambavyo mara nyingi hudai kwanza uzime kinga ya virusi. Anayefanya hivyo humfungulia mgeni mlango bila kumwuliza jina. Virusi vikishaingia, matokeo ya mitihani ya shule nzima huweza kupotea kwa siku moja.

Je, shule maskini ifanye nini? Njia ipo, nayo ni halali. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye nia ya kuandika programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Mwaka 1989 ilitoka leseni iitwayo GPL, ambayo haihesabu mashine hata kidogo: sakinisha katika moja au katika elfu, ni sawa. Sharti lake kubwa ni kwamba ukiigawa programu hiyo kwa wengine, hata uliyoirekebisha, wape na maagizo yake ya asili pamoja na uhuru ule ule uliopewa wewe. Linux hutolewa kwa leseni hii. LibreOffice, ifaayo kwa barua na mahesabu, hutolewa kwa leseni nyingine zenye uhuru kama huo. Uhuru huo si wa maneno matupu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice, likaitwa Jambo OpenOffice. Hapakuhitajika kumbembeleza mwenye programu, kwa sababu leseni ilikwisha kutoa ruhusa.

Hata hivyo msomaji asichanganye programu huru na programu ya bure. Ziko programu zisizolipiwa ambazo leseni yake yaruhusu matumizi ya nyumbani tu, wala si ya taasisi. Hapa pia hakuna njia ya mkato ila kusoma.

Napendekeza basi kwamba kila shule yenye kompyuta iwe na daftari la programu, kama ilivyo na daftari la vifaa vya maabara. Humo iandikwe programu, aina ya leseni, idadi iliyoruhusiwa, mashine zilipo, na tarehe ya mwisho ikiwa ipo. Wapewe wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kulitunza. Kabla ya kununua chochote, mwalimu aandike kuuliza kama ipo bei ya shule, kwani kampuni nyingi huwa nayo; na kama yake haifai, atafute programu huru ifanyayo kazi hiyo.

Mwalimu wa diski moja aliniandikia baadaye. Alikuwa amepata programu huru ya kuchora, ameiweka katika mashine thelathini na tisa, na ile ya kununua imebaki katika mashine moja, kama leseni ilivyosema. Wanafunzi wake, aliandika, walitaka kujua ni nani aliyeiandika ile ya bure na kwa nini alikubali kuitoa. Sidhani kama mwalimu wa sayansi aweza kuomba swali bora zaidi ya hilo.